SOMO LA ROBO HII: KUMKIRI KRISTO MBELE YA WATU, HATA INAPOGHARIMU

Masomo ya kusoma pamoja: Mathayo 10:26–33, Luka 23:50–53, Yohana 19:38–42, 1 Petro 3:13–17



 Tunaomba somo hili lisomwe kwenye vikao vya kamati na katika jumuiya, kisha lijadiliwe kwa kutumia maswali yaliyo mwishoni.

Mtu anayetembea Rujewa siku ya soko hana haja ya kuuliza kama hapa wako Wakristo. Jina la Mungu limeandikwa kwenye kioo cha basi dogo, juu ya mlango wa duka la pembejeo, kwenye kanga na kwenye sare za kwaya. Jioni kipaza sauti cha mkutano wa Injili kinasikika hadi kwenye majaruba ya mpunga. Hayo ni mema, wala hatuyalaumu. Lakini hayamgharimu mtu kitu. Hakuna anayenyimwa salamu kwa sababu ya maandishi kwenye kioo cha gari.

Somo letu linahusu mahali pengine, mahali ambapo kusema "mimi ni Mkristo" kunamfanya mtu atazamwe vibaya na majirani zake mwenyewe.

1. MAHALI PENYE MTIHANI

Tuchukue mfano ambao wengi wetu wa Nyanda za Juu Kusini hatuhitaji kuelezwa sana. Tuseme katika msimu mmoja kijiji kimepata misiba mitatu, na miwili ni ya watoto wa nyumba moja. Unaitishwa mkutano wa kijiji. Mzee mmoja anasimama, anasema imetosha, waitwe lambalamba waje wasafishe kijiji. Inapendekezwa kila kaya ichange. Watu wanapiga makofi. Mwenyekiti anauliza kama kuna mwenye neno.

Katika mkutano huo wamo viongozi wa jumuiya, wamo wanakwaya, wamo wanakamati wa kigango. Kila mmoja wao anajua moyoni mwake kwamba waganga wale wakija, kidole kitamwelekea mtu asiye na wa kumtetea, pengine bibi anayeishi peke yake, ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi. Lakini anajua pia kwamba atakayesimama kupinga ataulizwa papo hapo: "Unakataa kwa nini? Una nini nyumbani kwako?" Basi kila mtu anatazama chini. Mchango unapita. Jumapili wote wanaimba.

Ndugu zangu, mtihani wenyewe uko hapo. Kimya kile nacho ni ungamo, ila ni ungamo la hofu.

Ni vema kamati zetu zijue kwamba anayesimama kupinga jambo hili hapingi kijiji wala serikali. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928 wakati wa ukoloni na ambayo bado imo katika vitabu vya sheria za nchi yetu, inafanya kuwa kosa kumtaja mwenzako kuwa ni mchawi nje ya vyombo vya sheria. Kwa hiyo Mkristo anayesema "hapana" anasimama upande wa sheria na upande wa Injili kwa pamoja. Hata hivyo, kwa siku chache anaweza kujikuta peke yake.

Mtihani kama huo uko pia katika msiba, ndugu wa marehemu wanapokaa kugawana mashamba huku mjane akiwa bado amefunga kitambaa cha msiba. Anayethubutu kusema, "Baba mdogo, shamba hili shemeji amelilima kwa mikono yake, tumwachie yeye na watoto," ataambiwa kwamba dini imemharibu na amesahau ukoo. Uko pia ofisini na kwenye mizani ya mpunga, pale ambapo anayekataa hesabu za uongo anaitwa mtu wa kujifanya mtakatifu.

2. MJUMBE WA BARAZA ALIYEKUWA MFUASI WA SIRI

Injili zinatupa mtu anayefanana sana na sisi wanakamati. Ni Yusufu wa Arimathaya. Luka anatueleza kwamba alikuwa mjumbe wa baraza, mtu mwema, na kwamba hakukubaliana na uamuzi wa wenzake wa kumwua Yesu. Yohana anaongeza jambo ambalo lingeweza kumwaibisha: alikuwa mfuasi wa Yesu, lakini kwa siri, kwa sababu ya kuogopa watu.

Tuangalie ni lini alitoka hadharani. Hakutoka siku ile umati ulipokula mikate ukashiba, wala siku ya matawi, wakati kila mtu alikuwa akishangilia. Alitoka Yesu akiwa amekwisha kufa, mitume wamekimbia, na hakuna tena faida yoyote ya kuitwa mfuasi wake. Siku hiyo Yusufu alikwenda kwa Pilato mwenyewe kuuomba mwili. Nikodemu, ambaye zamani alimjia Yesu usiku, akaja naye akiwa amebeba manukato.

Hapa tunajifunza mambo mawili. Kwanza, aliyenyamaza jana hajafungiwa mlango. Kama wewe ulitazama chini katika mkutano uliopita, bado kuna mkutano mwingine. Pili, Yusufu hakuhubiri. Alimkiri Bwana kwa kufanya kazi ambayo kila mtu aliiona: aliushusha mwili msalabani na kuuzika kwa heshima. Imani yake ilionekana katika namna alivyomtendea mtu aliyehukumiwa na kudharauliwa.

3. ASKOFU MKUU JANANI LUWUM

Mfano wa pili si wa mbali, ni wa jirani zetu Uganda, na baadhi yetu tulikuwa hai ulipotokea. Janani Luwum alizaliwa mwaka 1922 huko Mucwini, wilaya ya Kitgum, akawa mwalimu wa shule. Tarehe 6 Januari 1948 aliongoka kupitia Uamsho wa Afrika Mashariki. Ndugu wa Uamsho ule walijulikana kwa kuungama dhambi zao mbele za watu na kurudisha mali walizoiba, na kwa sababu hiyo wengi walichekwa, hata ndani ya makanisa yao. Mwaka 1974 Luwum akawa Askofu Mkuu wa Kanisa Anglikana la Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire, wakati Idi Amin akitawala Uganda.

Wakati huo watu walikuwa wakikamatwa na kutoonekana tena. Luwum alikwenda mwenyewe kwa wakubwa kuulizia waliochukuliwa. Wapo waliomlaumu kwamba yuko karibu mno na serikali. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977 askari walivamia nyumba yake wakidai kutafuta silaha, wasizipate. Siku chache baadaye yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Amin barua. Hawakuandika kwa mafumbo. Walilalamikia upekuzi ule, mauaji na kupotea kwa watu, wakaweka majina yao.

Tarehe 16 Februari viongozi wa dini waliitwa Kampala, wakaonyeshwa silaha mbele ya askari, na askofu mkuu akatuhumiwa kupanga njama. Wenzake waliruhusiwa kuondoka, yeye akabakizwa. Kesho yake redio ilitangaza kwamba yeye na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Mwili wake uliporudishwa kijijini Mucwini ulikuwa na matundu ya risasi.

Serikali ilikataza ibada ya kumkumbuka. Lakini Jumapili iliyofuata maelfu ya waumini walikusanyika kanisani Namirembe. Walioamka asubuhi ile na kwenda kanisani nao walikuwa wakimkiri Kristo, ingawa hatuwajui kwa majina. Amin aliondolewa Aprili 1979. Leo tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa Uganda, na tangu mwaka 1998 sanamu ya Luwum imesimama juu ya mlango wa magharibi wa kanisa la Westminster Abbey, London, pamoja na mashahidi wengine tisa wa karne ya ishirini.

Tusilisome jambo hili kama hadithi ya shujaa tu. Hebu tujiulize, Luwum aliuawa kwa sababu gani? Waganda waliruhusiwa kuingia kanisani na kuimba. Yeye aliuawa kwa sababu aliwatetea waliopotea kwa barua yenye majina. Kukiri kwake kulikuwa na jirani ndani yake. Naye Askofu Festo Kivengere, mwenzake aliyelazimika kukimbia nchi, aliandika kitabu mwaka uleule ambacho jina lake kwa Kiswahili ni "Nampenda Idi Amin". Kukiri bila chuki ndiko kunakotambulisha kwamba ni Kristo anayekiriwa.

4. UWAZI SI KELELE WALA MATUSI

Hapa tuseme jambo moja kwa uangalifu. Wapo wanaodhani kwamba ujasiri wa imani ni kumshambulia mwenye dini nyingine. Tulishuhudia katika nchi yetu mihadhara ya kukashifiana, ambayo iliacha uchungu mitaani na haikumleta mtu kwa Mungu. Mtume Petro anatuagiza tuwe tayari kueleza tumaini letu, lakini kwa upole na heshima.

Rujewa na Usangu yote ni nyumba ya watu wengi: Wasangu wenyeji, Wahehe, Wabena, Wanyakyusa, Wasukuma, Wabaluchi waliokuja zamani na kulima mpunga, na wengine wengi. Wakristo na Waislamu tunazikana, tunachangiana harusi, na maji ya mfereji mmoja yanapita kwenye mashamba yetu wote. Jirani Mwislamu anayesimamisha kazi ili aswali hamwoni haya mtu yeyote. Tungeweza kujifunza kwake. Mkristo anayeinamisha kichwa kabla ya kula hotelini, bila kujificha na bila kujionyesha, hamkwazi mtu. Yesu alituonya tusisali ili tuonekane na watu (Mathayo 6), na pia akasema taa haifunikwi (Mathayo 5). Yote mawili ni maneno yake.

Mwalimu Julius Nyerere alituachia mfano. Aliifundisha nchi kwamba serikali haina dini, bali wananchi ndio wenye dini, na kila mmoja aheshimiwe. Lakini yeye mwenyewe hakuficha kwamba ni Mkatoliki. Alihudhuria Misa akiwa Rais, na Injili alizozitafsiri kwa utenzi zilichapishwa mwaka 1996. Oktoba 1970, akizungumza na masista wa Maryknoll huko New York, aliliambia Kanisa kwamba lisipopigana na mambo yanayowaweka watu katika umaskini litapoteza maana kwa watu hao. Mtu wa imani ya wazi aliweza kuwa Rais wa watu wa imani zote.

5. NENO KWA KAMATI NA KWA WAFADHILI

Kazi za maendeleo nazo ni mahali pa kumkiri Kristo. Tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, kisima kilichochimbwa kwa jina la Kanisa kiwe cha kila mwenye ndoo. Tusimwulize mtu anasali wapi kabla ya kuchota. Kanuni za utoaji misaada wakati wa maafa zilizokubaliwa mwaka 1994 na Msalaba Mwekundu pamoja na mashirika mengi, yakiwemo ya Kikristo, zinakataza msaada kutumiwa kueneza msimamo wa dini. Hilo halitulazimishi kuficha tunachoamini. Akiuliza mtu kwa nini tunafanya kazi hii, tumjibu waziwazi.

Pili, hesabu za mradi zibandikwe ukutani ambapo hata wasiosali nasi wanaweza kuzisoma. Kamati inayoomba Mungu mwanzo wa kikao na kuficha stakabadhi mwisho wa kikao imemkana Bwana mbele ya watu.

Tatu, asiachwe mtu kusimama peke yake. Kamati ikisikia kuna mkutano wa kuchangia lambalamba, au kikao cha kumnyang'anya mjane shamba, wakae kabla, wakubaliane, waende watatu au wanne. Watoe taarifa mapema kwa mtendaji wa kijiji. Na yule bibi anayenong'onwa atembelewe nyumbani kwake mchana, watu wakiona.

Nanyi wafadhili wetu, mnapotutembelea msituulize tu idadi ya mabomba. Tuulizeni pia: ni nani katika kijiji hiki alikuwa hana mtetezi, na sasa anaye?

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Ni lini mara ya mwisho ulinyamaza katika mkutano huku ukijua ungepaswa kusema? Uliogopa nini?
2. Katika eneo letu, ni nani anayenyooshewa kidole? Nani amekwenda kwake mwezi huu?
3. Je, majirani zetu Waislamu wakiulizwa, watasema imani yetu inawaletea amani au usumbufu?
4. Hesabu za mradi wetu ziko wapi? Nani anaweza kuziona bila kuomba ruhusa?

SALA

Ee Bwana, ulimpokea Yusufu aliyechelewa kutoka hadharani. Utupokee na sisi. Siku mwenyekiti atakapouliza kama kuna mwenye neno, utupe neno, utupe upole, na utupe mwenzetu wa kusimama naye. Amina.