Futikamba, Shingo na Pumzi ya Usiku

Kukatika kwa pumzi usingizini ni hali ambayo misuli ya koo hulegea mtu anapolala hadi njia ya hewa nyuma ya ulimi ikaziba, pumzi ikasimama kwa sekunde 10 au zaidi, kisha ubongo ukamgutusha avute hewa, na asubuhi yeye mwenyewe asikumbuke lolote. Hospitalini huhesabiwa ni mara ngapi kwa saa pumzi husimama au hupungua sana: kuanzia mara 5 ni dalili ya ugonjwa, na kuanzia 30 ni ugonjwa mkali.

Kaya nyingi hutazama uzito peke yake, ilhali shingo hueleza zaidi, kwa kuwa mafuta yaliyojikusanya kooni na ndani ya ulimi ndiyo yanayoibana njia ya hewa. Futikamba ya fundi cherehani yatosha. Kwa kuwa baridi ya Njombe huwafanya watu wavae sweta na skafu hata ndani ya nyumba, nguo hizo zivuliwe kwanza, kisha shingo izungushiwe futikamba chini kidogo ya kongomeo, bila kukaza. Mwanamume aliyefikisha sentimita 43 na mwanamke aliyefikisha 41 wanastahili kuonana na daktari, hasa wakikoroma kwa nguvu au wakisinzia mchana. Kiuno nacho hupimwa katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Uwiano wa uzito na urefu hupatikana kwa kugawa kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, hivyo mtu wa kilo 90 mwenye urefu wa mita 1.60 ana 35, kiwango cha unene uliokithiri.

Makambako, ambako barabara ya Songea hukutana na ile ya Dar es Salaam na Tunduma, lori hupimwa kwenye mizani, lakini shingo ya dereva haipimwi na yeyote, ingawa kusinzia kwenye usukani ni miongoni mwa madhara makubwa ya ugonjwa huu. Pombe, ulanzi ukiwemo, ikinywewa karibu na kulala huzidi kuilegeza misuli ya koo. Kupunguza uzito husaidia: utafiti wa Wisconsin, Marekani, uliochapishwa mwaka 2000, ulikadiria kuwa uzito ukipungua kwa asilimia 10, vipindi vya pumzi kusimama au kupungua hushuka kwa takriban asilimia 26.

Hata hivyo vipimo hivi vya shingo, kiuno na uzito huonyesha hatari tu, havithibitishi ugonjwa. Mtoto mwenye mafindofindo makubwa, au mtu mwembamba mwenye taya dogo, anaweza kuugua huku futikamba ikiwa haioni kitu, na hapo ushahidi wa mwenzi wa kitandani, au wa utingo anayelala na dereva ndani ya kebini na kusikia mkoromo ukikatika ghafla, hutangulizwa mbele ya sentimita.