Dondoo muhimu: Tovuti isiyomfungia mtu nje

Kabla hujakabidhi tovuti, weka kipanya kando, uipitie yote kwa kitufe cha Tab. Ukikwama kwenye menyu, asiyeweza kushika kipanya naye atakwama hapo hapo.

Kagua zaidi msimbo ulioandikwa na akili mnemba: huweza kukuletea kitu chenye sura ya kitufe, lakini programu ya kusoma skrini isikitambue. Tumia <button>.

Utofauti wa rangi kati ya maandishi ya kawaida na usuli usipungue 4.5 kwa 1, kiwango cha WCAG, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti. Kijivu hafifu juu ya nyeupe hakisomeki juani.

Ukurasa wa Kiswahili uwe na lang="sw". Ukiacha "en", asiyeona husomewa Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, haelewi kitu. Tafadhali, rekebisha hilo leo.