Neno "Boma" na Ngome ya Arusha
Makala haya yanadai kwamba neno boma, litumikavyo mjini Arusha, halieleweki pasipo historia ya ngome. Kiasili boma ni ua unaokinga makazi au mifugo. Mapatano ya mwaka 1886 baina ya Uingereza na Ujerumani yaliuweka Mlima Meru upande wa Wajerumani. Wamisionari wawili walipouawa Akeri mwaka 1896, Wajerumani waliwaadhibu Waarusha na Wameru kwa vita; mwaka 1900 ngome ikajengwa kwa kazi ya kulazimishwa. Humo ndimo amri na kodi zilimotoka, na boma likapata maana ya ofisi ya serikali. Leo jengo hilo ni makumbusho. Kamusi inayoorodhesha maana hizo bila kuzipanga kihistoria huficha jinsi neno la hifadhi lilivyogeuzwa kuwa neno la mabavu.