Pawatila mpya imegoma? Anza na muuzaji, fundi baadaye

Msimu wa kulima ukianza, simu nyingi ninazopokea siyo za mbegu, ni za mashine. Pawatila ina siku nne tangu itoke dukani, giaboksi inavuja oili au gia inachomoka yenyewe. Nikiuliza imefikia wapi, naambiwa fundi wa mtaani ameshaifungua.

Hapo ndipo madai yanapoharibika. Muuzaji atasema umeivuruga wewe, na utamjibu nini? Izime. Piga picha panapovuja, rekodi video yenye mlio wa injini, nakili namba ya injini.

Hata kama hukupewa waranti, ipo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Ukimweleza muuzaji wa zana hizo kazi unayotaka, ukategemea ujuzi wake, mashine inapaswa kuifaa kazi hiyo. Ndiyo maana nawaambia, dukani usitaje chapa tu. Sema "nataka ya kuvuruga jaruba la mpunga kwenye mbuga ya Igunga", na aandike hivyo kwenye ankara. Ukitaja chapa peke yake, atasema ulijichagulia mwenyewe.

Sheria hiyohiyo haimsaidii anayenyamaza. Ukikaa na mashine kupita muda unaofaa bila kusema unaikataa, unahesabiwa umeipokea, na hapo kwa kawaida unabaki na madai ya fidia tu. Wala hulazimiki kuipakia kwenye Fuso uirudishe. Kumjulisha kwamba umeikataa kunatosha, isipokuwa mlikubaliana vingine.

Simu haitoshi, andika barua. Fupi tu: "Nilinunua pawatila kwako tarehe fulani, risiti ya EFD namba fulani. Siku ya nne giaboksi ilianza kuvuja. Sijaifungua. Naomba unibadilishie ndani ya siku 7, la sivyo unirudishie fedha." Peleka nakala mbili, moja agonge mhuri urudi nayo. Na usitukane, jamani! Barua yenye matusi haikusaidii popote.

Zamani misafara ya Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapahapa Tabora kwa miguu. Bidhaa ikifika mbovu, nani angerudi pwani kudai? Leo barabara ni ya lami, lakini bado utaambiwa "spea ipo njiani kutoka Dar". Kusubiri si kosa, ila aandike tarehe na asaini. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, haikusubiri.

Akigoma kabisa, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, ukiwa na barua, risiti na picha. Kwa ubovu wenye ubishi wa kitaalamu, waulize CAMARTEC kule Arusha. Kupima zana za kilimo ni kazi yao.

Akikubali kukubadilishia, andikianeni upya kwamba waranti inaanza siku unayopokea mashine ya pili. Na iwashe palepale dukani, ifanye kazi nusu saa, kabla hujasaini.