Mas'ala ya Nyumba Iliyopangishwa Ikiuzwa

Ujue, ewe ndugu yangu, ya kuwa mwenye nyumba wa Wete au Chake Chake akiisha kupangisha, ameuza manfaa ya nyumba kwa muda ule. Alichobaki nacho ni rakaba, yaani nyumba yenyewe. Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imamu Shafii, aweza kuiuza, wala ijara haivunjiki: mnunuzi hungoja muda utimie, na kama hakuambiwa, ana hiari ya kuvunja ununuzi.

Basi akimleta mtu kutazama, asifungue kwa ufunguo wake. Surat Nur, aya ya 27 na ya 28, zataka idhini na salamu, na aambiwaye arudi, arudi. Hodi ni tatu. Na kukaribishwa ukumbini si idhini ya chumbani. Wanawake wapewe nafasi wajisitiri. Walakini mpangaji naye asizuie kwa inda. Wapatane saa, kama baada ya Alasiri.