SOMO: Kumsindikiza Kijana Kuchagua Kazi



Ndugu wanakamati na marafiki wafadhili, matokeo ya kidato cha nne yakitoka, barua za kuomba ada huanza kufika parokiani. Nyingi hutaja ualimu au uuguzi. Tusiseme haraka kwamba vijana hawana mawazo. Kijana huchagua kati ya kazi alizoziona, na penye shule na zahanati tu, mwalimu na muuguzi ndio watu wa mshahara anaowafahamu.

Zamani kuona kazi kulikuwa ndani ya malezi. Mtoto wa Kimatengo alijifunza ngoro shambani: baba alifyeka nyasi na kuzipanga kwa miraba, mama alichimba udongo na kuzifunika. Mtoto wa mwambao wa Ziwa Nyasa alijifunza nyavu na mtumbwi kwa wakubwa wake. Kazi hizo ni za heshima hata leo. Lakini mtoto anayeshinda darasani huhitaji mtu wa kumwonesha kazi nyingine pia.

Mambo matatu yanayoamua

1. Masomo. Wazazi wengi hudhani uamuzi huanza baada ya mtihani wa kidato cha nne. Kwa miaka mingi uamuzi umeanza mapema zaidi, kwa kuwa mwanafunzi anayeingia kidato cha tatu ameweza kuacha Fizikia na Kemia. Tuseme binti wa mvuvi wa dagaa aliyaacha masomo hayo kwa kufuata rafiki zake. Miaka miwili baadaye anaomba uuguzi, na chuo kinadai ufaulu wa Baiolojia, Kemia na Fizikia. Mlango ulifungwa bila mtu kumwambia. Sera ya Elimu, toleo la 2023, imeleta pia mkondo wa amali sekondari, hivyo ushauri unatakiwa mapema zaidi.

2. Kalenda ya fedha. Sekondari za serikali hazitozi ada kwa kidato cha kwanza hadi cha nne tangu Januari 2016, lakini chuo hulipiwa. Fedha ya kahawa huja kwa msimu, na bei haipangwi Mbinga. Iliposhuka sana katika soko la dunia mwaka 2001, familia zilizotegemea zao hilo peke yake zilibanwa. Hivyo kijana huweza kuchukua kozi fupi kwa sababu ndiyo iliyolingana na fedha ya mwezi huo, wala si kwa sababu anaipenda.

3. Mwenye ada. Hapa tujichunguze. Mjomba, parokia au mfadhili akilipa, mara nyingi huchagua pia, na kijana huitikia kwa adabu. Katika mfano wa talanta (Mathayo 25), kila mtumishi alipewa kadiri ya uwezo wake. Bwana aliwajua watumishi wake kabla ya kuwagawia.

Kamati ifanye nini?

- Izungumze na wanafunzi wa kidato cha pili na wazazi wao kabla mwaka haujaisha.
- Iandae siku ya kuona kazi: karakana na hospitali ya Peramiho, kiwanda cha kukoboa kahawa Mbinga, mafundi wa injini za boti Mbamba Bay. Kwanza iombe ruhusa kwa wahusika.
- Imsikilize kijana peke yake, kisha pamoja na wazazi.
- Ihesabu gharama hadi mwaka wa mwisho kabla ya kulipa mwaka wa kwanza. Mjenzi wa mnara katika Luka 14 anatufundisha hivyo. Kijana aliyekwama katikati ya kozi hurudi nyumbani na aibu isiyo yake.

Kwa wafadhili tunasema: nauli ya siku moja ya kuona kazi ni ndogo kuliko ada ya mwaka mmoja uliopotea. Tusaidieni pia katika hilo, hata kama halina picha ya mahafali.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Je, vijana wa kigango chetu wameona kazi ngapi kwa macho yao?
2. Nani kati yetu ana ufundi anaoweza kumwonesha kijana?
3. Kijana tuliyemlipia mara ya mwisho, tulimwuliza anachotaka, au tulimwambia?