MAKANISA YA MFALME LALIBELA

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo nawapeleka mahali ambapo ufa usipozibwa, hakuna ukuta wa kujenga tena. Ni Lalibela, kaskazini mwa jirani zetu Ethiopia.

Zamani mji huo uliitwa Roha. Mfalme Lalibela wa ukoo wa Zagwe alitawala mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa karne ya 13, na mji ukachukua jina lake. Inasimuliwa kwamba alipozaliwa alizungukwa na kundi la nyuki, mamaye akajua huyu ni mfalme. Husemwa pia alitaka Yerusalemu ya pili kwao nyumbani, na ndiyo maana kijito cha hapo huitwa Yordani. Kaburi lake, wenyeji husema, limo katika kanisa la Golgotha.

Makanisa yenyewe ni 11. Wanachama wenzangu, tuchunge kitenzi hapa! Hayakujengwa, yalichongwa. Fundi wetu wa mtaani huanza na msingi na kumaliza na paa. Kule mambo yalikuwa kinyume. Kwa kanisa kama la Mtakatifu Giyorgis, mafundi walichimba handaki kuzunguka mwamba mpaka likabaki bonge moja katikati. Kisha wakachonga toka juu kushuka chini: paa kwanza, sakafu mwisho. Ukilitazama toka juu, ni msalaba mtupu. Ndani ya makanisa mengine waliacha nguzo zimesimama. Hebu fikiria, ukikata nguzo moja kwa bahati mbaya, utairudisha na nini? Tena walichimba mifereji ya kutoa maji ya mvua, la sivyo mashimo hayo yangekuwa mabwawa.

Wapo wasemao malaika walisaidia usiku. Wachunguzi nao wanasema kazi ilichukua miaka mingi, na sehemu nyingine zilianza kabla ya Lalibela.

Mwaka 1978 UNESCO iliyatia katika urithi wa dunia. Lakini mvua na jua vimeutia mwamba nyufa. Mwaka 2008 baadhi yaliwekewa mapaa makubwa ya kuyakinga, wenyeji wakaanza kuhofia mapaa hayo yasije yakayaangukia. Mwaka 2021 vita vikafika mjini humo.

Mimi naona jambo moja. Ukuta wa matofali ukianguka, tutaita fundi. Mwamba uliochongwa ukianguka, umekwenda na mafundi wake.

Zoezi: Tunga sentensi kutofautisha kujenga, kuchonga na kuchimba.